Mchezo Kizimbani: Historia ya Mjadala wa Michezo ya Video na Ukatili Nchini Marekani, 1976–2020

Mjadala wa kwamba michezo ya video huzaa ukatili ulianzia Marekani, nchi ambako michezo hiyo iligeuka biashara kubwa mapema kuliko kwingi, na kwa zaidi ya miaka 40 umepita katika mikono ya makundi matatu: wazazi na viongozi wa miji, kisha wabunge na majaji, na hatimaye wanasaikolojia. Michezo ya video kwa maana inayokusudiwa hapa ni ile ambayo mchezaji huamrisha picha za kwenye skrini kwa usukani, mpini au vitufe, iwe ni katika mashine za kutumbukizia sarafu zilizowekwa kumbini au katika vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na televisheni. Kila kundi liliupokea mjadala kwa swali lake: la kwanza liliuliza kama michezo hii ina adabu, la pili kama serikali inaweza kuizuia, na la tatu kama kweli inamfanya mtu amdhuru mwenzake. Ukiufuata mjadala huu tangu mwanzo, jambo moja hujitokeza kila hatua, nalo ni kwamba hukumu ilitangulia ushahidi, na ushahidi ulipopatikana haukuwa na uzito wa kuibeba hukumu iliyokwisha kutolewa.

Kabla ya mchezo wa video kufikishwa kizimbani, washitakiwa wengine walikwisha kupita hapo hapo. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sinema ni biashara tu na kwamba haistahili ulinzi wanaopewa waandishi na magazeti, uamuzi uliofungua mlango kwa majimbo na miji kuendesha bodi za kukagua filamu hadi mahakama hiyo ilipobadili msimamo wake mwaka 1952. Zamu iliyofuata ilikuwa ya vitabu vya katuni vya uhalifu na vya kutisha, ambavyo mtaalamu wa maradhi ya akili Fredric Wertham alivishutumu mwaka 1954 katika kitabu chake *Seduction of the Innocent*, akidai kwamba vinawapotosha watoto hadi kuwa wahalifu. Kamati ndogo ya Seneti iliketi mwaka huo huo kusikiliza mashitaka hayo, na wachapishaji, kwa kuogopa sheria, wakajiwekea kanuni kali za kujikagua ambazo ziliyaua majarida mengi ya aina hiyo. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 2012, mtafiti Carol Tilley aliyepekua majalada ya Wertham alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa ameyabadili na kuyapunja maelezo ya watoto aliowatibu ili yaafikiane na hoja yake.

Mashine za kumbini nazo zilikuwa na rekodi yao. Katika jiji la New York, Meya Fiorello La Guardia alipiga marufuku mwaka 1942 mashine za *pinball*, yaani meza zenye kioo ambamo mchezaji hurusha gololi ya chuma ipite kati ya vigingi na taa, kwa madai kwamba ni kamari inayowanyang'anya watoto pesa zao za chakula cha mchana. Polisi walizikusanya mashine kwa maelfu na kuzivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao New York iliisamehe mashine ya gololi, mashine nyingine ilikuwa ikiingia kumbini kuchukua nafasi yake kama adui wa vijana.

Mashine hiyo iliitwa *Death Race*, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Exidy ya California. Ilikuwa kabati lenye usukani na pedali, lililochorwa mifupa ya watu wakiendesha magari, na skrini yake ilionyesha picha za rangi nyeupe na nyeusi tu. Mchezaji aliongoza kigari kuwafukuza viumbe waliochorwa kwa mistari michache, ambao kampuni iliwaita vijini na si watu. Kila kimoja kilipogongwa kililia kwa sauti kali, kisha mahali pake pakasimama msalaba wa kaburi, ambao nao uligeuka kizuizi barabarani. Baraza la Taifa la Usalama, taasisi inayoshughulikia ajali za barabarani miongoni mwa mambo mengine, lililaani mchezo huo hadharani, na magazeti na televisheni yakalichukua suala hilo nchi nzima. Jambo lililowasumbua wakosoaji halikuwa kifo chenyewe, kwa sababu sinema na televisheni za wakati huo zilijaa vifo. Walichokiona kuwa kigeni na cha hatari ni kwamba mtazamaji sasa alikuwa amekaa kwenye usukani, na kifo kilitokea kwa mkono wake. Hoja hiyo ya ushiriki, kwamba anayetenda hujifunza zaidi ya anayetazama, ndiyo iliyobaki kuwa uti wa mgongo wa mashitaka yote yaliyofuata. Kelele hizo hazikuiangusha Exidy, kwani shutuma zilifanya kazi ya matangazo na mahitaji ya mashine yakapanda.

Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya *Space Invaders* na *Pac-Man* kuvuta umati wa vijana kwenye kumbi, malalamiko yaliingia ngazi ya miji. Hapa ukatili ulikuwa lalamiko moja tu kati ya mengi, kwa sababu wazazi walihofia zaidi utoro shuleni, upotevu wa pesa na makundi ya vijana wanaozurura. Mji wa Mesquite, Texas, ulikwisha kuwakataza watoto wa chini ya miaka 17 kuingia kwenye kumbi hizo bila mzazi au mlezi, na kesi iliyotokana na amri hiyo iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1982. Mwaka huo huo mji wa Marshfield, Massachusetts, ulipiga marufuku mashine zote za michezo ya video za kutumbukiza sarafu, marufuku ambayo wakazi wake hawakuiondoa hadi 2014. Novemba 1982 Mganga Mkuu wa Serikali, C. Everett Koop, akizungumza Pittsburgh, alisema kwamba michezo hii inawadhuru vijana, lakini punde alilazimika kutoa taarifa akieleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi yasiyo na ushahidi wa kisayansi. Taarifa ya kusahihisha haikusikika kama ilivyosikika kauli ya kwanza. Mtikisiko wa biashara ya michezo mwaka 1983, ulioziangusha kampuni nyingi, ndio uliouzima mjadala kwa muda.

Uliporudi, michezo ilikuwa imehamia sebuleni na picha zake zilikuwa zimekaribia kufanana na watu halisi. *Mortal Kombat*, uliotokea kwenye kumbi mwaka 1992, ulitumia picha za waigizaji waliorekodiwa kwa kamera, na mshindi wa pambano aliweza kummaliza mpinzani wake kwa kumng'oa moyo au kumkata kichwa. Matoleo ya nyumbani yalipoingia sokoni Septemba 1993, kampuni mbili zilizokuwa zikigombea soko zilichagua njia tofauti: Nintendo iliamuru damu ibadilishwe iwe jasho la kijivu, ilhali Sega iliiacha damu ikiwa imefichwa nyuma ya mfuatano wa vitufe ambao kila mtoto wa shule aliujua baada ya siku chache. Toleo la Sega liliuzwa kwa wingi zaidi, na somo hilo la kibiashara lilieleweka na wote.

Tarehe 9 Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman wa Connecticut na Herb Kohl wa Wisconsin waliongoza kikao cha kusikiliza suala hilo mjini Washington. Vipande vya *Mortal Kombat* na vya mchezo mwingine, *Night Trap*, vilionyeshwa kwenye televisheni mbele ya kamati. *Night Trap* ulijengwa kwa filamu ya waigizaji, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuchunga nyumba kupitia kamera za ulinzi na kuwanasa wavamizi ili kuwaokoa wasichana waliokuwa ndani. Wakosoaji walioona kipande kimoja tu walieleza kinyume chake, kwamba lengo la mchezo ni kuwatega na kuwaua wanawake. Wawakilishi wa Nintendo na Sega, badala ya kuutetea mchezo wa video kwa pamoja, walishambuliana: Howard Lincoln wa Nintendo alijigamba kwamba *Night Trap* hautaonekana kamwe kwenye mashine za kampuni yake, naye Bill White wa Sega alijibu kwamba wateja wa kampuni yake wengi ni watu wazima. Ahadi ya Lincoln ilidumu hadi 2018, mchezo huo ulipouzwa kwa ajili ya Nintendo Switch. Kesho yake baada ya kikao, tarehe 10 Desemba, kampuni ndogo ya id Software ilisambaza *Doom* kupitia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika jimbo la Seneta Kohl mwenyewe, na mchezo huo wa kufyatua risasi kwa jicho la mpigaji ukaenea mbali kuliko chochote kilichojadiliwa mbele ya kamati.

Maseneta waliwapa watengenezaji mwaka mmoja wajiwekee utaratibu, la sivyo serikali ingewawekea. Mwaka 1994 kampuni ziliunda chama chao na bodi ya kupanga madaraja, ijulikanayo kwa kifupi kama ESRB, ambayo hukagua maudhui ya mchezo kabla haujauzwa na kubandika herufi kwenye jalada lake: herufi M, kwa mfano, humaanisha mchezo wa wenye umri wa miaka 17 na zaidi. Utaratibu huu ulikuwa wa hiari na haukuwa na nguvu ya sheria, lakini maduka makubwa yaliukubali na yakakataa kuuza michezo isiyo na alama. Katika mjadala mzima, hili ndilo tunda lililodumu kuliko yote, na inafaa kuzingatiwa kwamba lilipatikana bila mtu yeyote kuthibitisha madai ya ukatili. Lilitokana na hofu ya watengenezaji kuhusu sheria, kama ilivyokuwa kwa wachapishaji wa katuni mwaka 1954, isipokuwa safari hii alama zilimjulisha mzazi kilichomo badala ya kukifuta.

Mauaji ya tarehe 20 Aprili 1999 katika shule ya sekondari ya Columbine, Colorado, ambapo vijana wawili waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja kisha wakajiua, yalibadili uzito wa mjadala. Wauaji walikuwa wapenzi wa *Doom*, na habari hiyo ilitosha kwa wengi kuwa maelezo ya tukio zima. Dave Grossman, mwanajeshi mstaafu aliyekwisha kuandika juu ya namna askari wanavyozoeshwa kuua, alidai kwamba michezo inawapa watoto mazoezi yale yale ya kijeshi. Rais Bill Clinton aliiagiza Tume ya Biashara ya Shirikisho ichunguze matangazo ya biashara hiyo, na ripoti yake ya mwaka 2000 ilikuwa kali: kati ya michezo 118 yenye alama ya M iliyochunguzwa, 83 ilitangazwa kwa kuwalenga watoto wa chini ya miaka 17. Vijana wa miaka 13 hadi 16 waliotumwa madukani kama wanunuzi wa majaribio walifanikiwa kununua michezo ya daraja hilo katika majaribio 85 kwa kila 100. Kosa lililothibitishwa hapa lilikuwa la undumakuwili wa wafanyabiashara, nalo lilirekebishika, kwani tume ilipolirudia jaribio hilo mara ya mwisho na kutangaza matokeo mwaka 2013, waliofanikiwa kununua walikuwa 13 tu kwa kila 100.

Madai ya ukatili wenyewe yalipata jibu tofauti. Idara ya ulinzi wa rais na Wizara ya Elimu zilichunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na washambuliaji 41, na ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila wanane ndiye aliyeonyesha kuvutiwa na michezo ya video ya kikatili, ilhali wengi zaidi, zaidi ya theluthi moja, walionyesha kuvutiwa na ukatili katika maandishi yao wenyewe. Kiwango hicho ni cha chini sana ukikilinganisha na wavulana wa kawaida wa Marekani, ambao wengi wao hucheza michezo hiyo.

Mahakamani, kesi za fidia zilizofunguliwa na familia za wahanga dhidi ya watengenezaji zilitupiliwa mbali mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sheria zilizotungwa na miji na majimbo zilianguka moja baada ya nyingine. Iliyofika mbali zaidi ni sheria ya California ya 2005, iliyoandikwa na mwanasiasa Leland Yee na kutiwa saini na Gavana Arnold Schwarzenegger, aliyejipatia jina lake kwa filamu za bunduki. Sheria hiyo ilikataza kumwuzia mtoto wa chini ya miaka 18 mchezo wa kikatili, ikaweka faini ya hadi dola 1,000, na kuagiza jalada libandikwe namba 18 yenye ukubwa wa inchi 2 kwa 2. Tarehe 27 Juni 2011 Mahakama ya Juu iliibatilisha kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba michezo ya video hulindwa na Rekebisho la Kwanza la Katiba, yaani kifungu kinacholinda uhuru wa kusema na kuchapisha, na kwamba Marekani haikuwa na desturi ya kuwazuilia watoto visa vya ukatili, kwa kuwa hata hadithi wanazosomewa kitandani zina mchawi anayesukumwa tanurini. Aliongeza kwamba tafiti zilizoletwa na California hazikuthibitisha kuwa mchezo ndio chanzo cha uchokozi, na kwamba athari zilizotajwa humo hazikutofautiana na zile za kutazama katuni za watoto. Jaji Clarence Thomas alipinga kwa hoja kwamba waasisi wa taifa hawakudhani mtu anaweza kuzungumza na mtoto kwa kumruka mzazi wake. Jaji Stephen Breyer alipinga kwa kuorodhesha tafiti nyingi na kusema kwamba wabunge ndio wanaostahili kuzipima. Majaji wengine wawili walikubaliana na matokeo pekee, wakiona kwamba sheria ilikuwa na maneno yasiyo wazi lakini kwamba teknolojia hii mpya huenda kweli ikawa na athari ambazo kitabu hakina.

Tafiti ambazo Breyer alizitegemea zilitoka kwa kiasi kikubwa kwa Craig Anderson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na wenzake, ambao mwaka 2010 walichapisha uchambuzi wa jumla, yaani hesabu inayokusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyapima kwa pamoja, wenye washiriki zaidi ya 130,000, na kuhitimisha kwamba michezo ya kikatili huongeza mawazo, hisia na vitendo vya uchokozi. Ili kulielewa hitimisho hilo ni lazima kuona kilichopimwa. Katika jaribio linalotumika mara nyingi, mwanafunzi wa chuo hucheza kwa dakika chache, kisha huambiwa ashindane na mtu wa chumba cha pili kubonyeza kitufe upesi, na anayeshinda humwadhibu aliyeshindwa kwa mlio wa kelele masikioni, akichagua mwenyewe ukubwa na urefu wa mlio. Mpinzani huwa hayupo, kompyuta ndiyo inayopanga nani ashinde, na kiwango cha kelele ndicho kinachoandikwa kuwa uchokozi. Mwaka 2014 Malte Elson na wenzake walionyesha kwamba watafiti walikuwa wakiyahesabu matokeo ya jaribio hilo kwa njia nyingi zisizofanana, na kwamba data zile zile ziliweza kutoa jibu tofauti kutegemea njia iliyochaguliwa.

Wakosoaji, ambao mashuhuri miongoni mwao ni Christopher Ferguson, walishikilia kwamba uwiano mdogo uliopatikana hupungua zaidi pale jinsia, tabia ya kuzaliwa nayo na ukatili wa nyumbani vinapowekwa kwenye hesabu. Wengine walionyesha kwamba ushindani wenyewe, hata wa mbio za magari zisizo na damu, huweza kumchochea mchezaji. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti uliohusu vijana 1,004 wa Uingereza, ambao dhana na njia zake za kuhesabu zilisajiliwa kabla ya data kukusanywa ili watafiti wasiweze kuzibadili baada ya kuona matokeo, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya kikatili na uchokozi kama walezi wa vijana hao walivyoueleza. Machi 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikinukuliwa na upande wa mashitaka, kilitangaza kwamba kuna uhusiano mdogo na vitendo kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuunganisha michezo hii na ukatili hasa.

Mambo ya nje ya maabara nayo yaliunga mkono tahadhari hiyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 2011, kipindi ambacho michezo ilienea karibu kila nyumba ya Marekani, kiwango cha uhalifu wa kutumia nguvu kilichorekodiwa na polisi wa nchi hiyo kilipungua kwa karibu nusu. Japani na Korea Kusini, ambako vijana hucheza kwa wingi, zina mauaji machache sana ya bunduki. Hata hivyo shutuma hazikukoma, kwa sababu zilikuwa na kazi nyingine. Siku 7 baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, kiongozi wa chama cha wamiliki wa bunduki, Wayne LaPierre, alisimama mbele ya wanahabari na kuinyooshea kidole michezo ya video. Agosti 2019, baada ya mauaji katika miji ya El Paso na Dayton, Rais Donald Trump alifanya vivyo hivyo, na duka kubwa la Walmart likaondoa matangazo ya michezo ya kikatili huku likiendelea kuuza bunduki. Uchambuzi wa habari uliochapishwa mwaka huo na Patrick Markey na wenzake uligundua kwamba baada ya mauaji ya shuleni, vyombo vya habari vilikuwa na uwezekano mara nane zaidi wa kutaja michezo ya video pale mshambuliaji alipokuwa mzungu kuliko alipokuwa mweusi. Mtoto wa nyumba njema alitafutiwa mchawi wa nje, ilhali mwenzake alihesabiwa kuwa hahitaji kuelezwa.

Kutokana na historia hii hukumu mbili zinaweza kutolewa bila kusitasita. Ya kwanza ni kwamba mzazi ana haki ya kujua kilichomo katika mchezo anaomnunulia mwanawe na muuzaji ana wajibu wa kumwambia ukweli, na haki hiyo haihitaji kwanza kuthibitishwa kwamba mchezo huua. Ya pili ni kwamba dai la mchezo kuzaa mauaji limepewa zaidi ya miaka 40, mahakama kadhaa, vikao vya Seneti na washiriki wa utafiti zaidi ya laki moja, na bado halijathibitishwa. Anayelirudia leo mara tu baada ya risasi kusikika ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na wasikilizaji wake wana kila sababu ya kuuliza ni jambo gani lingine ambalo hataki lizungumzwe siku hiyo.